Muuguzi na Bima ya Dhima ya Kitaaluma

Swali: Je, muuguzi wa zamu katika hospitali ya umma mjini Tukuyu anahitaji bima yake binafsi dhidi ya madai ya uzembe?

Jibu: Bima ya dhima ya kitaaluma ni mkataba ambapo kampuni ya bima hubeba mzigo wa fidia na gharama za wakili pale mgonjwa anapodai kuumizwa kwa uzembe. Kwa muuguzi wa serikali haja yake ni ndogo, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa makosa ya mtumishi aliyekuwa kazini, na mdai hulazimika kwanza kuipa Serikali notisi ya siku 90. Anayejiajiri, au anayemhudumia jirani nyumbani huko Kiwira baada ya zamu, hana kinga hiyo. Huyo, kwa haki kabisa, anapaswa kukata bima. Hata hivyo, hakuna bima inayorudisha leseni iliyofutwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chombo cha nidhamu chini ya Sheria ya mwaka 2010. Mbele ya Baraza, kwa mfano, kinachomtetea muuguzi mkunga ni patografu, yaani chati ya uchungu, ambamo mapigo ya moyo wa mtoto yamejazwa kila nusu saa, usiku kucha, hata kama mkunga yuko peke yake wodini.