SOMO LA SAYANSI: WANAANGA HUSHUKAJE?

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Katika somo hili tutaona jinsi wanaanga wanavyoshuka, kwa nini safari hiyo ni ya hatari, na kama inawezekana siku moja wakashuka kwa lifti.

1. Tatizo ni kasi
Wengi hudhani chombo huelea juu kwa sababu huko hakuna mvutano wa dunia. Sivyo. Mvutano upo, na chombo kinaanguka wakati wote. Lakini kinakwenda mbele kwa kasi kubwa mno, na kwa kuwa dunia ni ya mviringo, kinaizunguka bila kuigusa. Kasi hiyo ni karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo, Dar es Salaam hadi Unguja ni mwendo wa sekunde kumi hivi! Anayetaka kurudi ni lazima kasi hiyo yote imtoke.

2. Hewa ndiyo breki
Chombo cha Soyuz cha Urusi huwasha injini kwa dakika nne na nusu hivi, kikisukuma kinyume na kinakokwenda. Kasi hupungua kidogo tu, lakini yatosha kukiteremsha hadi kwenye hewa. Hewa inayosongwa mbele yake hupata joto kali, na upande wa mbele wa chombo hupita nyuzi 1,500 za Sentigredi. Kwa hiyo huwekwa ngao, ambayo huungua pole pole na kuondoka na joto. Baadaye hufunguka parachuti.

Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor, Mwislamu kutoka Malaysia, alirudi kwa Soyuz. Chombo kilishuka kwa mteremko mkali kuliko ilivyopangwa na kikatua mbali na mahali palipokusudiwa. Ngao ilifanya kazi yake, na wote watatu walitoka salama.

Haikuwa hivyo kwa Columbia ya Marekani. Wakati wa kuruka, Januari 2003, kipande cha sponji kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kutoboa ubavu wa bawa la kushoto. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurudi, joto lilipenya hapo. Chombo kilivunjika na watu saba wakafariki.

3. Fikra ya lifti
Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alifikiria mnara wa kufika anga za juu. Mwaka 1960 Yuri Artsutanov akapendekeza kamba. Satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta huzunguka sawasawa na dunia, hivyo huonekana imesimama. Kutoka hapo kamba ingeteremshwa hadi ardhini, na nyingine kunyooshwa juu ili kuleta mizani. Lifti ingeshuka taratibu, bila moto. Kwa kilomita 200 kwa saa, safari ingechukua siku saba na nusu.

Kikwazo ni kamba. Ya chuma ingekatika kwa uzito wake yenyewe. Nyuzi nyembamba sana za kaboni zina nguvu kubwa, lakini hakuna aliyeweza kuzisokota kuwa kamba ndefu na imara kiasi hicho. Hadi leo, basi, uhai wa wanaanga unategemea ngao.

Maswali
1. Kwa nini tundu katika bawa halikuiangamiza Columbia ilipokuwa bado inazunguka dunia?
2. Lifti ikisimama kwenye kilomita 400 na abiria akatoka nje, ataizunguka dunia au ataanguka? Toa sababu.