Je, Sheria Iwalazimishe Wazazi Kuwachanja Watoto?

Amri ya tano ya Mungu hukataza kuua. Mkatekumeni ajifunzaye amri hiyo hufikiri kwanza panga, mkuki na sumu, na ni haki afikiri hivyo. Lakini lipo jambo jingine liingialo katika amri hiyo kwa ukimya zaidi, nalo huzungumzwa mbele ya nyumba na njiani kwenda sokoni. Baba au mama akataaye kumpeleka mtoto kuchanjwa, je, serikali ina ruhusa ya kumlazimisha kwa sheria? Wengine hujibu upesi: ndiyo, afungwe. Wengine hujibu upesi vilevile: hapana, mtoto ni wake. Majibu hayo mawili ni mepesi kupita kiasi.

Mwaka 2019 surua iliingia katika majimbo yote ya Kongo. Kufika Januari 2020, wagonjwa walioandikwa walikuwa wamepita 310,000, na waliokufa wamepita 6,000, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Wakati uleule Ebola ilikuwa ikisumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 iliua watu wapatao 2,300. Magari, ndege na wageni wa nchi nyingi walikuja kwa ajili ya Ebola, na ilifaa waje. Ila surua, ambayo chanjo yake imejulikana tangu mwaka 1963, ilichukua watu zaidi ya mara mbili ya hao, karibu bila kelele.

Yafaa kufahamu kwanza namna ugonjwa huu unavyotembea, maana asiyefahamu hilo hawezi kuamua juu ya sheria. Surua husafiri katika pumzi. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kisha akatoka, hewa ya chumba kile yaweza kuambukiza hata kwa muda wa saa mbili. Mahali ambapo watu hawana kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 mpaka 18. Kwa sababu hiyo waganga husema kwamba ili surua isipate njia ya kupita, yapasa watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Wakiwa 80, moto haukuzimika. Umelala tu chini ya majivu.

Sasa mtu afikiri kijiji chenye watoto 100. Katika Kongo chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi tisa, kwa kuwa kabla ya hapo kinga aliyoipata kwa mama yake, ingawa yapungua siku kwa siku, yaweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Basi mtoto wa miezi saba hana ngao yake mwenyewe. Ngao yake ni watoto wa majirani. Hali kadhalika yule mwenye ugonjwa uliodhoofisha kinga ya mwili, ambaye mara nyingine mganga hukataza asichanjwe. Hawa hawakukataa chanjo. Wanangoja tu kuona majirani watafanya nini. Na surua ikiwafikia, haileti vipele na homa tu; huleta kichomi na kuhara, ndivyo viuavyo zaidi, na wengine huwaacha vipofu. Tena waganga wamethibitisha kwamba huufanya mwili usahau kinga ya magonjwa mengine, hata mtoto aliyepona hubaki dhaifu kwa miezi mingi.

Kwa hiyo baba asemaye, «Mtoto ni wangu, na neno hili ni la nyumba yangu,» amesema kweli nusu. Mtoto amekabidhiwa kwake na Mungu, wala serikali haikumzaa. Lakini pumzi ya mtoto wake haikai nyumbani mwake. Tena kukabidhiwa si kumiliki: mbuzi ni mali ya baba, mtoto si mali ya mtu yeyote.

Hapa yapasa kutofautisha, jambo ambalo watunga sheria wenyewe husahau mara nyingi. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Huingia kwa jeraha lililochafuka kwa udongo, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Aliyekataa chanjo ya pepopunda hamwambukizi jirani hata mmoja. Bila shaka amefanya vibaya kumwacha mtoto wake katika hatari, na yafaa aonywe kwa nguvu. Ila sababu ya jirani, ambayo ndiyo sababu kubwa ya sheria, haipo pale. Sheria iziwekayo chanjo zote katika kapu moja, kana kwamba sababu yao ni moja, hushindwa kujieleza mbele ya mzazi mwenye akili.

Swali la sheria si jipya. Ndui ndiyo iliyolileta. Mwaka 1796 mganga Mwingereza Edward Jenner alionyesha kwamba mtu aliyechanjwa kwa usaha wa ndui ya ng'ombe hakupatwa na ndui ya watu. Mwaka 1853 Uingereza ikaweka sheria kwamba kila mtoto mchanga achanjwe, na baadaye ikaongeza faini. Tajiri aliyekataa alilipa faini akaenda zake. Maskini aliyekosa fedha aliuziwa vyombo vyake vya nyumbani au alifungwa. Mwaka 1885 watu maelfu na maelfu walikusanyika katika mji wa Leicester kupinga sheria hiyo. Wengi walikosea juu ya chanjo, kwani chanjo ilikuwa njema; lakini juu ya faini hawakukosea. Mwaka 1898 Bunge likalegeza sheria, likamruhusu mzazi aliyezuiwa na dhamiri yake asiadhibiwe.

Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, Henning Jacobson, alikataa kuchanjwa ndui akatozwa faini ya dola 5. Alishitaki mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1905 mahakama ikaamua kwamba uhuru wa mtu haumpi ruhusa ya kuwatia wengine hatarini, na kwamba jimbo laweza kudai chanjo wakati wa hatari. Ila iliongeza neno ambalo wengi hawalikumbuki: haifai kumlazimisha mtu ambaye mwili wake kwa hakika ungedhurika.

Na ndui yenyewe iko wapi? Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, nchi ya Somalia, jina lake Ali Maow Maalin, mwaka 1977. Alipona, na katika miaka ya baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi kuchanja watoto dhidi ya kupooza. Tarehe 8 Mei 1980 mataifa yote yalitangaziwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Kanisa lafundisha nini? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya kweli hutoka katika akili, hulenga mema ya watu wote, huwekwa na yule mwenye kuutunza umma, na hutangazwa. Tena alifundisha, akifuata maneno ya Mtakatifu Isidori wa Sevilia, kwamba sheria lazima iwezekane kutimizwa, ifae mahali na wakati wake. Neno hili la kuwezekana ni dogo, lakini katika nchi ya Kongo ni zito kuliko mengine yote, na litarudi hapa chini.

Juu ya dhamiri, mwezi Desemba 2020 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani huko Roma iliandika kuhusu chanjo za Covid. Ilieleza kwamba kuchanjwa kwa kawaida si wajibu wa dhamiri, kwa hiyo yafaa kuwe kwa hiari; lakini akataaye kwa ajili ya dhamiri yapasa atumie njia nyingine zote asiwapelekee ugonjwa wengine, hasa walio dhaifu. Barua ile haikuandikwa juu ya surua ya watoto wadogo. Hata hivyo yaonyesha mizani: hiari upande mmoja, mnyonge upande wa pili. Na katika surua, ambapo mtoto haamui neno lolote na pumzi hupita ukutani, ni nani awezaye kuonyesha hiyo njia nyingine? Kumfungia mtoto ndani mpaka akue? Kwa hiyo upande wa mnyonge ndio ulio mzito hapa, na sheria ya kudai chanjo ya surua yaweza kuwa sheria ya haki.

Yaweza kuwa, si kusema kwamba kila sheria ya namna hiyo ni ya haki. Italia mwaka 2017 iliongeza chanjo za lazima kutoka 4 mpaka 10, na Ufaransa ikaongeza kutoka 3 mpaka 11 kwa watoto waliozaliwa tangu Januari 2018. Ubelgiji, iliyotawala Kongo zamani, imelazimisha chanjo moja tu, ile ya kupooza, na wazazi wengi mno huko huwachanja watoto wao surua bila kulazimishwa. Katika nchi hizo mama hufika kwa mganga kwa mwendo mfupi, naye hukuta chanjo ipo. Uganda, jirani ya Kongo, ilipata mwaka 2016 sheria yenye kumtisha mzazi kwa kifungo cha miezi sita, na kudai kadi ya chanjo mtoto aingiapo shuleni.

Na Kongo je? Chanjo za watoto hutolewa bure, lakini bure haina maana ya karibu. Dawa ya surua hukaa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Ikipata joto, hufa, wala macho hayaoni kwamba imekufa. Husafirishwa katika sanduku la barafu kwa pikipiki, kwa mtumbwi, au kichwani mwa mtu apitaye msitu. Tena kichupa kimoja mara nyingi huwa na dawa ya watoto kumi, na kikisha kuchanganywa na maji yake yapasa kitupwe baada ya saa sita. Kwa hiyo mwuguzi aliyefikiwa na mama mmoja tu huogopa kufungua kichupa, humwambia: «Mama, rudi siku ya chanjo, watoto wakiwa wengi.» Mama huyo ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Shamba lamngoja. Njiani pengine kuna watu wenye bunduki. Asiporudi, je, ameasi sheria? Chifu akimtoza faini ya kuku wawili, amemwadhibu aliyetii na kumwacha aliyeshindwa kuleta dawa.

Basi haki yadai mpango wa namna hii: sheria imfunge kwanza yule mwenye nguvu. Serikali yenyewe ilazimike kuleta chanjo katika kila kijiji kwa siku zinazojulikana, kumlipa mwuguzi mshahara wake, na kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Ikitimiza hayo, ndipo iwe na uso wa kumdai mzazi. Kisha adhabu isimwangukie mtoto. Kumfukuza shuleni mtoto asiye na kadi ni kumpiga mara mbili kwa kosa ambalo si lake. Afadhali mwuguzi aje shuleni. Ikiwa surua imekwisha kuingia kijijini, kumtenga nyumbani kwa majuma machache asiyechanjwa ni jambo jingine, kwani hapo analindwa mwenyewe.

Tena kuna hofu, na hofu haitii sheria. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa kwa majuma machache dawa ya kuzuia kupooza, ambayo wakati ule ilikuwa bado katika kujaribiwa. Wajukuu wa watu walioitwa kwa maelfu hivyo wakiuliza maswali leo, si wajinga. Wapasa kujibiwa: kwamba chanjo huweza kuleta homa na maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili, kwamba madhara makubwa huwapo, lakini ni adimu sana, kwamba haifungi uzazi. Na wasifichwe kwamba kirusi cha dawa ya matone ya kupooza, mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, huweza mara chache kugeuka na kuleta kupooza, kama ilivyoonekana katika Kongo tangu mwaka 2017. Mzazi akificha jambo hili na kulisikia baadaye kwa mwingine, hamwamini tena mwuguzi kwa neno lolote.

Nchi ya Nijeria ililijua hilo. Mwaka 2003 jimbo la Kano lilisimamisha chanjo ya kupooza kwa sababu ya uvumi kwamba yatasisha wanawake, na ugonjwa ukatoka huko ukafika nchi nyingine nyingi za Afrika. Hakuna aliyewafunga watu wa Kano. Wakuu wao walizungumza, dawa ikapimwa, nyingine ikaletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu kama wao, na mwaka 2004 wakakubali. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika yote ilitangazwa kuwa imeepukana na kirusi cha asili cha kupooza.

Maswali ya kuzungumza katika mafundisho. Mama aliyefika mara mbili akakosa chanjo, kisha mtoto wake akawaambukiza watoto wa jirani surua: kosa ni la nani, na kwa kiasi gani? Baba akataaye chanjo ya surua na baba akataaye chanjo ya pepopunda, je, wakosa sawasawa? Na katika kijiji chenu, siku ya chanjo ni siku gani ya mwezi, na nani hupeleka habari kwa wale wakaao ng'ambo ya mto?