Meneja wa nchi au meneja wa bidhaa?

SWALI: Kampuni yetu ya Tanga inasaga na kufungasha viungo. Sasa tuna ofisi Nairobi na Kampala. Tuweke meneja wa kila nchi, au meneja wa kila bidhaa kwa nchi zote tatu?

JIBU: Wekeni meneja wa kila nchi. Bidhaa zenu zinafanana. Kinachotofautiana ni nchi. Pakiti ile ile ya pilipili manga iko chini ya viwango vya TBS hapa, KEBS Kenya na UNBS Uganda. Kodi nazo ni TRA, KRA na URA. Mambo hayo yanamtaka mtu aliye pale pale.

Msimpe mfanyakazi mabosi wawili, wa nchi na wa bidhaa. ABB, iliyozaliwa mwaka 1988 kwa muungano wa Asea ya Sweden na Brown Boveri ya Uswisi, ilisifiwa sana kwa muundo huo, lakini mwaka 1998 ikaondoa mameneja wa kanda. Wao walikuwa na mitambo ya kila aina. Nyinyi mna viungo.

Ubora na hesabu kuu vibaki Tanga. Lakini duka la jumla Kampala likiomba mzigo kwa mkopo wa siku 30, nani anatia sahihi? Meneja akisubiri simu ya Tanga, mshindani ameshashusha mzigo wake. Mwandikieni kiwango anachoruhusiwa kukopesha.

Tena, muoneni mwanasheria mapema kama ofisi hizo ziwe matawi au kampuni tanzu: madeni ya tawi ni madeni yenu.