Elimu kwa Umma: Kijana Akienda Ughaibuni, Nyumbani Panabaki Nini?

Lengo la somo: Ukimaliza kusoma, utaweza kueleza jinsi sera ya uhamiaji inavyoweza kuleta maendeleo huku nyumbani, mahali faida yake inapovuja, na maswali ya kuuliza kabla ya familia kuuza shamba au kukopa ili kumpeleka mtu kazini nje ya nchi.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola za Marekani bilioni 1.4 mwaka 2014. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipita dola bilioni 4.9. Hizo ni fedha nyingi kuliko tunazopata kwa kuuza chai nje ya nchi. Marekani ndiyo inayoongoza, lakini Saudi Arabia nayo imepanda hadi kuwa miongoni mwa nchi za mbele, na huko wengi wa vijana wetu hufanya kazi za nyumbani, ulinzi na udereva.

Fedha hizi haziingii katika hazina ya serikali. Hufika moja kwa moja kwa mama, kwa karo, kwa dawa, kwa mabati. Kwa hiyo kazi ya sera si kuzichukua. Kazi yake ni kuhakikisha mtu anaondoka salama, analipwa haki yake, anatuma kwa gharama ndogo, na akitaka kurudi anapata mahali pa kuanzia.

2. Kabla ya safari: nani analipa?

Uvujaji wa kwanza hutokea kabla hata ya ndege kuruka. Familia ikikopa ili kumlipa wakala, mishahara ya miezi ya kwanza hailishi mtu nyumbani; inalipa deni. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Anayehitaji mfanyakazi ndiye abebe gharama.

Nchini Kenya, mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wakala asiye katika orodha ya mamlaka hiyo hana ruhusa ya kukupeleka popote, hata kama ni jirani au mtu wa dini moja nawe.

Je, kupiga marufuku kunasaidia? Mwaka 2014 serikali ilisimamisha safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati kwa sababu ya visa vya mateso, kisha ikaondoa marufuku hiyo mwaka 2017. Katika kipindi hicho watu waliendelea kuondoka kwa njia za panya, bila mkataba wala rekodi. Funzo ni kwamba mlango ukifungwa huku shida ikibaki, anayefaidika ni mlanguzi.

Ufilipino ilichukua njia nyingine. Kila anayekwenda kazini nje hupewa mafunzo kabla ya kuondoka na huingizwa katika mfuko wa ustawi kwa mchango wa dola 25 kwa kila mkataba. Sheria ya Desemba 2021 iliunda idara nzima ya serikali ya kuwashughulikia wafanyakazi hao.

3. Akiwa kazini: haki ni sehemu ya maendeleo

Nchi nyingi za Ghuba hutumia mfumo wa udhamini uitwao kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Machi 2021 Saudi Arabia ililegeza masharti ili baadhi ya wafanyakazi waweze kubadilisha mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa. Mtu asiyeweza kuondoka hana nguvu ya kudai mshahara uliocheleweshwa, na mshahara usiolipwa haufiki kijijini. Ndiyo maana mikataba kati ya serikali na serikali ni lazima itaje mshahara, mapumziko, simu, pasipoti, na mahali pa kukimbilia.

Nchi inayopokea nayo inaweza kupanga vizuri. Tangu mwaka 2007, New Zealand huwaajiri watu wa visiwa vya Pasifiki kwa msimu wa mavuno, kwa kawaida hadi miezi saba. Mwajiri huchangia nusu ya nauli, na anayefanya vizuri anaweza kuitwa tena msimu unaofuata. Watafiti walipofuatilia familia za Tonga na Vanuatu, waligundua kwamba mapato yao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa kuwa mtu anajua ataweza kurudi kazini kihalali, hana sababu ya kujificha muda wake ukiisha.

4. Gharama ya kutuma

Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka gharama ya kutuma fedha ishuke hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Tufanye hesabu. Mtu anatuma shilingi 20,000 kila mwezi. Gharama ikiwa asilimia 7, anakatwa shilingi 1,400. Ikiwa asilimia 3, anakatwa 600. Tofauti ni shilingi 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Kumbuka pia kuangalia kiwango cha kubadilisha fedha: kampuni inaweza kutangaza ada ndogo, kisha ikakukata kwenye bei ya riyali au dola.

5. Kutoka mfuko wa familia hadi mradi wa kijiji

Hapa ndipo serikali za mashinani zinapoingia. Nchini Meksiko, wahamiaji kutoka jimbo la Zacatecas walioishi Marekani waliunda vyama vya watu wa kijiji kimoja na kuchangia miradi ya kwao. Mwaka 2002 mpango huo ukawa wa taifa zima, ukaitwa Tatu kwa Moja: kila peso moja ya wahamiaji iliongezewa moja ya serikali kuu, moja ya jimbo na moja ya manispaa. Maji, barabara na umeme vilifika vijijini.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na kasoro. Vijiji maskini kabisa, visivyo na watu wengi nje wala chama imara, vilipata kidogo. Kaunti ikitaka kuiga, ni lazima iwalinde wasio na mtu ughaibuni.

Katiba yetu ya 2010 inasaidia pia. Kifungu cha 16 kinamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki raia hata akichukua uraia wa nchi nyingine. Asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu. Kwa hiyo uraia pacha humpa mtu wetu moyo wa kuwekeza nyumbani.

6. Ujuzi unaoondoka

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba kuhusu wahudumu wa afya, uliolenga wauguzi waliohitimu lakini hawakuwa na ajira. Mkataba wa namna hiyo unafaa ikiwa haumng'oi muuguzi kwenye wodi iliyo na upungufu. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinasisitiza hilo. Na anayerudi? Aliyetunza wazee kwa miaka mitano ana ujuzi hata kama hana cheti. Vyuo vya ufundi vya mashinani na vyama vya ushirika viko chini ya kaunti. Hapo ndipo ujuzi na akiba yake vinaweza kupata kazi.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza

1. Katika kijiji chenu, nani hulipa gharama za safari, na deni huchukua miezi mingapi kuisha?
2. Kabla ya kutia saini, je, mkataba umesomwa kwa lugha anayoielewa anayeondoka, na nakala imebaki nyumbani?
3. Fedha zinazotumwa, ni kiasi gani huliwa na ni kiasi gani huwekwa akiba kwa jina la aliyezituma?
4. Je, kaunti iongezee michango ya walio ughaibuni? Ikiwa ndiyo, wadi isiyo na watu nje itapewa nini?

Majibu ya swali la nne yanafaa kupelekwa katika vikao vya ushirikishi wa umma wakati wa kupanga bajeti. Hapo ndipo yanapoweza kuingia katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti.