Matuta ya lazima Uluguru

Swali: Baada ya maporomoko ya udongo, je, kila kaya ilazimishwe kuchimba matuta ya ngazi?

Jibu: Hapana, hilo lilishajaribiwa Uluguru, eneo la milima nchini Tanzania. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa nzito, nayo ilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wa Matombo, huko huko Uluguru, wakaasi, mpango ukafa. Utasema bila amri watu watalima hadi mtoni. Kweli, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Katazo hilo libaki. Ila namna ya kuuponya mteremko aamue anayeulima: penye udongo haba, miti na majani ya kukinga maji hufaa kuliko jembe.