Jina Mlangoni

Somo la vikundi na la nyumbani. Soma kwanza Luka 10:25-37.

Ndugu Wakristo, tukitaja habari za Msamaria, mara nyingi tunaishia kwenye mafuta na divai. Lakini habari yenyewe haikuishia barabarani. Yule majeruhi alipelekwa kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akalipwa ili aendelee kumtunza. Kwa hiyo walioshiriki kazi ile ni wawili. Huruma bila nyumba ingemwacha mtu njiani, na nyumba bila huruma isingempata kamwe.

Leo tutazame jinsi jambo hili lilivyofanyika Finland, nchi ya baridi kali ambako kulala nje kwaweza kuwa kifo.

1. Hali ilivyokuwa
Mwaka 1987 walihesabiwa huko watu zaidi ya 18,000 wasio na makao, pamoja na waliokuwa wamehifadhiwa kwa jamaa na marafiki. Msaada wa kawaida ulikuwa kitanda cha usiku katika bweni. Aliyetaka nyumba yake mwenyewe alitakiwa kwanza aache pombe na kuonyesha kuwa amebadilika. Wengi walishindwa, maana ni vigumu kutengeneza maisha wakati hujui utalala wapi kesho.

2. Walivyoshirikiana
Mwaka 1985 miji mikubwa, Kanisa la Kilutheri, Msalaba Mwekundu na wengine walikuwa wameunda shirika la Y-Säätiö, kununua nyumba ndogo na kuwapangisha wenye shida. Mwaka 2007 watu wanne walikaa pamoja kutafuta njia: Askofu Eero Huovinen wa Helsinki, daktari mmoja, mkuu wa ustawi wa jamii wa mji, na mkuu wa Y-Säätiö. Taarifa yao iliitwa "Jina Mlangoni", kwa sababu huko jina la mpangaji huandikwa mlangoni pake.

Mwaka 2008 serikali na miji wakaanza kazi kwa kanuni moja: nyumba kwanza. Mtu hupewa mkataba wake, hulipa kodi, na kipato kikipungua husaidiwa kwa posho. Akiisha kuingia ndani, muuguzi na mfanyakazi wa ustawi humjia. Bweni la Jeshi la Wokovu mjini Helsinki lililokuwa na vitanda 250 lilijengwa upya, na mwaka 2012 likawa nyumba za kupanga takribani 80.

Majirani wengine walinung'unika. Basi wafanyakazi na wapangaji walitoka kuokota taka mtaani na kusikiliza malalamiko. Hivyo ujirani ukajengwa pole pole.

3. Matunda, na onyo
Kufika mwaka 2023 wasio na makao walikuwa 3,429. Lakini mwaka 2024, mwaka ambao posho ya pango ilipunguzwa, idadi ilipanda ikawa 3,806. Hapa kuna fundisho: kazi hii haimaliziki siku ya kukabidhi ufunguo. Msamaria naye aliahidi kurudi.

4. Na sisi je?
Kwetu asiye na makao pengine haonekani barabarani. Ni mjane aliyetolewa katika nyumba ya marehemu mumewe. Ni kijana anayehama kila wiki kwa rafiki. Ni mzee ambaye paa lake limeanguka. Tunawapa unga na shuka, tunawaombea, nasi twafanya vema. Lakini nani atafuatana na yule mjane mpaka kwa mwenyekiti na kwa ofisi ya ustawi wa jamii? Nani atakumbuka kumtembelea mwezi ujao? Mtu mmoja hatayaweza yote, wala ofisi peke yake haitamjua mjane huyo asipopelekwa na majirani.

Maswali ya kuzungumza
1. Katika mtaa wetu, ni nani hana mahali pa kuita pake?
2. Je, huwa tunamtaka mtu atengenee kwanza ndipo tumsaidie? Kwa nini?
3. Taja kazi ambayo kikundi chetu kinaweza, na kazi ambayo ni lazima tuipeleke ofisini. Nani ataipeleka, na lini?

Msimalize kikao kabla ya kuandika jina la atakayekwenda.