Mpira wa Hewa Ukipasuka, Okoa Injini Kwanza

Kiangazi kikikolea, ukiacha lami ya Maganzo na kuingia njia za vijijini huku Mwadui na Kishapu, gari la mbele hulioni, unaona vumbi lake tu. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Kinachoilinda injini ni chujio la hewa na ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka hapo. Mpya una bei yake, lakini kuna namna ya kujisogeza.

1. Sikiliza gari. Sailensa inapanda na kushuka, nguvu zinapungua mlimani, taa ya injini inawaka. Hewa inayoingilia kwenye ufa haikupita kwenye sensa ya kupima hewa, hivyo kompyuta inatoa petroli pungufu.

2. Vua mpira wote. Ufa hupenda kukaa upande wa chini, ndani ya mikunjo, na mpira ukitulia unajifumba usiuone. Ukunje huku na huku, mulika kwa tochi ya simu ndani yake, tafuta mwanga unaopenya. Kisha pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi laini, injini imekwisha kulila. Likiendelea, ringi za pistoni zinalika na gari linaanza kula oili.

3. Ufa uko upande gani? Ukiwa kabla ya chujio, kwenye mpira unaoingiza hewa humo, unaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Ukiwa baada ya chujio, usiondoke na gari kabla hujauziba, hata kama safari ni ya hapo sokoni.

4. Kiraka kinachoshika. Osha mpira kwa maji ya sabuni, ukauke kabisa. Piga msasa nje ya ufa, paka gundi ya viraka vya baiskeli, bandika kipande cha tyubu kuukuu. Kikishika, zungushia utepe wa tyubu huku ukiuvuta, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, halafu malizia kwa tepu nyeusi ya umeme. Tepu peke yake haitoshi: joto la injini huyeyusha gundi yake na inafunguka njiani.

5. Usipake silikoni kwa ndani. Ikibanduka, inafyonzwa moja kwa moja. Vitambaa na mifuko ya plastiki usivijaribu.

6. Wenye dizeli ya turbo, kiraka hiki si chenu. Mpira wa baada ya turbo unabeba upepo wenye shinikizo, utakifumua. Wa kabla ya turbo nao ukidondosha kipande, kinapiga mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa. Nunueni mwingine.

7. Klempu. Mara nyingine mpira ni mzima, klempu ndiyo imelegea. Anza hapo, ni bisibisi tu.

8. Spea ya mtumba. Beba mpira wako wa zamani uende nao dukani, Shinyanga mjini au Mwanza. Usiseme tu "wa IST": injini inaweza kuwa ileile na mpira ukawa na umbo jingine. Ukunje mbele ya muuzaji. Uliokakamaa na kuonyesha nyufa ndogo, mrudishie, hata akupunguzie bei.

Kiraka ni cha kukufikisha siku ya kununua mpira. Siku hiyo badilisha na chujio, na ulifute boksi lake kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuweka jipya.